Giza mnaloliondoa vitabuni linahamia wapi? Barua ya wazi kwa wateuzi wa vitabu vya fasihi

Waheshimiwa,

Salaam. Mimi ni mwalimu wa fasihi, mmoja wa wale wasiokaa kwenye vikao vyenu lakini ndio wanaobaki na kitabu mkononi mkishakipitisha. Nimeamua kuandika hadharani kwa kuwa barua zangu mbili za awali hazikujibiwa. Sina kinyongo, najua mafaili yenu yalivyo.

Nianze na kitabu cha maktabani. Ni Makbeth, tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1968 ya tamthilia ya Shakespeare, nakala iliyochakaa hadi jalada linashikiliwa na utepe. Kuelekea mwisho kuna kurasa zilizogandishwa pamoja kwa gundi. Mtu fulani, miaka mingi kabla sijafika shuleni hapo, aliona yaliyomo hayafai, akayafunga. Niligundua siku nilipoingia darasani nikakuta wanafunzi watatu wamesimama dirishani, mmoja kakinyanyua kitabu kwenye mwanga wa jua, wenzake wamesogeza nyuso wanajaribu kusoma maneno yaliyopandana, ya mbele na ya nyuma. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sijapata kuona ukurasa wa fasihi ukisomwa kwa bidii ile.

Nilikichukua kitabu, nikaenda kukaa nacho peke yangu, nikapitisha rula taratibu kwenye gundi hadi ikaachia. Ndani nilikuta lile tukio la mke na mtoto wa Macduff, bwana anayempinga Macbeth. Mtoto anataniana na mama yake juu ya baba aliyewaacha akakimbia, maneno ya kitoto yenye akili nyingi, kisha wauaji wanaingia na kumchoma kisu. Neno lake la mwisho ni kumsihi mama akimbie. Ni kweli, linaumiza. Mimi mwenyewe nina watoto.

Ila ninalotaka mlione ni lile ambalo mwenye gundi hakuligusa. Mwanzoni, kabla damu ya mgeni wao mfalme haijamwagika, Macbeth, shujaa anayesifiwa na kila mtu, anaziomba nyota zizime mwanga wake, ili mwanga usiyaone matamanio yake meusi. Mkewe naye anauita usiku mzito ujifunike moshi, ili kisu chake kisilione jeraha kinalolitia. Hawa si wanyama wa porini. Ni mume na mke, wanapendana, wako nyumbani kwao, na wanalihitaji giza kama mtu anavyohitaji shuka. Mke huyohuyo, ukifika karibu na mwisho, unamkuta anatembea usingizini ameshika mshumaa, na mhudumu wake anamweleza daktari kwamba siku hizi taa haitoki kando yake. Ni amri yake mwenyewe. Nimelisoma tukio hilo mara nyingi, na bado mwili hunisisimka nikifika hapo. Aliyeuita usiku hawezi tena kulala gizani. Kurasa zote hizo zilikuwa wazi, hazina hata tone la gundi. Aliyezifunga zile nyingine aliliona giza kwenye kisu cha wauaji wa kukodiwa, watu wasio hata na majina. Chumbani mwa mume na mke hakuliona.

Hapo ndipo ninapopata hofu na masharti yenu. Miongozo ya uteuzi niliyokabidhiwa kwa nyakati tofauti ina sharti linalorudi kila mara, maneno yakibadilika kidogo tu: kitabu kisiwe na giza mno, kisikatishe tamaa, na mwovu apate malipo yake mwishoni. Naelewa lilikotoka. Mtoto hapewi wembe achezee. Umri una maana yake, wa miaka 10 si wa miaka 17, na vipo vitabu vinavyomwaga damu kwa sababu mwandishi hakuwa na la kusema. Hivyo vitupeni, sitavililia. Tatizo langu ni kwamba sharti lenu linapima giza kwa ujazo, kama mafuta ya taa. Halimuulizi mwandishi giza hilo amembebesha nani.

Kwa maana giza la binadamu ukilitoa mahali kwenye hadithi, linahamia kwingine. Jacob na Wilhelm Grimm walipochapisha mkusanyo wao wa ngano huko Ujerumani mwaka 1812, malkia anayetaka kumuua yule binti mweupe kama theluji alikuwa mama yake wa kumzaa. Katika toleo la 1819 akageuzwa mama wa kambo. Kwa Hansel na Gretel, watoto waliopelekwa msituni wakaachwa huko kwa sababu ya njaa, mambo yakaenda vivyo hivyo: kufikia toleo la 1840 mama mzazi alishakuwa wa kambo. Pengine nia ilikuwa njema, jina la mama lisichafuke. Lakini uovu haukupungua hata kidogo. Ulihamishiwa kwa mwanamke asiye na mtetezi, na watoto kila pembe ya dunia wakazoezwa kumtazama kwa jicho baya. Nilipowaeleza haya darasani, msichana mmoja anayelelewa na mama wa kambo aliuliza, "Kwani huyo mama aliwakosea nini?" Nilicheka kwanza. Baadaye nikaona swali lake ni zuri kuliko maelezo yangu.

Hadithi za visiwa nazo ni hivyohivyo. Katikati ya karne ya 19, Mskoti R. M. Ballantyne aliandika juu ya wavulana watatu walionusurika meli ilipovunjika, wakajikuta peke yao kisiwani. Wavulana wale ni wema, wachangamfu, wanashirikiana. Uovu unawajia kutoka baharini, ukiletwa na maharamia na wenyeji wala watu. Mwingereza William Golding alikuwa mwalimu wa shule kama mimi. Akaenda Vita Kuu ya Pili, akawa baharia, na mwaka 1944 alikuwepo kwenye uvamizi wa Normandy, Ufaransa. Aliporudi darasani hakuweza tena kuwasadiki wavulana wa namna ile. Mwaka 1954 akatoa Lord of the Flies, akawapa wavulana wake wawili majina yaleyale ya Ballantyne, Ralph na Jack, akawaweka kisiwani bila haramia hata mmoja. Wanaanza kumwogopa mnyama. Wengine wanasema yuko msituni, wengine anatoka baharini. Simon, mtoto mkimya ambaye huzimia mara kwa mara, anajaribu kusema kwamba huenda mnyama ni wao wenyewe, wanamzomea. Baadaye anapanda mlimani na kugundua kwamba kitu kinachowatisha ni maiti ya askari aliyening'inia kwenye parachuti. Anateremka kuja kuwapa habari, dhoruba imeanza, na wenzake wanamuua katikati ya ngoma yao wakimdhania ndiye mnyama. Wahenga wetu walilimaliza jambo hili kwa maneno manne: kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa vipitisheni visiwa hivyo viwili kwenye fomu yenu. Cha Ballantyne kitapita na pongezi juu, maana wavulana wanarudi salama. Cha Golding kitabishaniwa. Na mimi nawaambia cha kwanza ndicho ninachokiogopa, kwa sababu mtoto anakifunga akiwa na hakika kwamba uovu una rangi na lugha ya watu wengine.

Sisi tulio upande huu wa bahari hatuhitaji kuelezwa sana maana ya jambo hilo. Joseph Conrad aliupanda mto Kongo mwaka 1890, na kutokana na safari hiyo akaandika Heart of Darkness, iliyotoka jaridani mwaka 1899. Ni kitabu kigumu kukihukumu. Kinaanzia London, kwenye mto Thames, na msimulizi anatamka mapema kwamba hata pale palipata kuwa mahali pa giza duniani. Waovu wake wakubwa ni watu wa Ulaya waliofuata pembe za ndovu. Ukiishia hapo utamwona Conrad yuko upande wetu. Lakini Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, katika mhadhara alioutoa Massachusetts, Marekani, mwaka 1975, aliweka kidole penye kidonda: Waafrika wa kitabu hicho wamefanywa mandhari, pazia la nyuma tu, ili mbele yake Mzungu mmoja, Kurtz, achanganyikiwe. Giza ni la Kurtz, bara zima ndilo linalolipia. Darasani kwangu ubishi juu ya hili hula vipindi vitatu na haujawahi kuisha kwa amani. Sitaki uishe.

Sasa nije kwenye linalonigusa zaidi, na mnivumilie nikilirefusha.

Dostoevsky, mwandishi wa Urusi, alikaa miaka minne kwenye gereza la kazi ngumu Siberia, akilala chumba kimoja na wauaji. Mwaka 1866 alianza kuchapisha riwaya ambayo kwa lugha yetu tunaweza kuiita Uhalifu na Adhabu. Raskolnikov, kijana fukara aliyeacha chuo, anamuua kwa shoka bibi kizee anayekopesha fedha kwa rehani. Lizaveta, ndugu wa yule kizee, mwanamke mpole asiyemkosea mtu, anaingia asipotarajiwa, naye anauawa. Mara zinasikika nyayo ngazini. Watu wanafika, wanagonga, wanauvuta mlango. Raskolnikov yuko ndani, upande wa pili wa ubao huohuo, shoka mkononi, anatazama komeo dogo likirukaruka kwenye pete yake. Nje, mmoja wao anang'amua: mlango ukivutwa unacheza, basi umekomewa kwa ndani, basi kuna mtu ndani.

Nilikuwa nawasomea wanafunzi kwa sauti, nikitafsiri papo kwa papo, kwa kukwamakwama. Darasa lilitulia hadi ukasikia mtu akimeza mate. Mmoja wa wale watu anateremka kumwita bawabu. Mwenzake anabaki mlangoni, anangoja, anachoka, naye anateremka. Hapo mvulana wa benchi la nyuma, ambaye kwa kawaida hulala, akanong'ona kwa nguvu: "Toka sasa! Toka!"

Nikafunga kitabu. Nikamuuliza, unamwambia nani atoke?

Aliona. Wote waliona. Walikuwa wamejibanza na muuaji nyuma ya mlango wakimwombea asikamatwe, na sakafuni kuna maiti mbili, moja ni ya Lizaveta, waliyemsikitikia dakika tano tu zilizopita. Hakuna aliyecheka. Msichana mmoja alisema polepole, kama anayejisemea, "Kumbe hata mimi." Kengele ikalia hatujaandika ubaoni hata mstari mmoja wa dhamira. Mkaguzi angeingia siku ile ningeandikiwa vibaya.

Waheshimiwa, hiyo "kumbe hata mimi" haiji kwa kusoma habari za zimwi. Zimwi ni mhusika bapa, wa upande mmoja tu. Unamchukia tangu anapotajwa, na unaondoka ulivyokuja. Mhusika duara, mwenye pande nyingi kama mtu halisi, anakuvuta ndani yake kabla hujapata nafasi ya kukataa, na ukitoka unakuta umeacha kitu. Sidai kwamba fasihi humgeuza mtu akawa mwema. Nimefanya kazi na watu waliosoma vitabu vingi kuliko mimi na walikuwa na roho mbaya kupita kiasi. Nasema jambo dogo zaidi: mtu aliyewahi kujikuta upande ule wa mlango hawezi tena kutamka kwa wepesi, "Mimi siwezi kufanya hivyo." Na kijana atalihitaji shaka hilo siku atakapokuwa ndani ya kundi linalomzomea mmoja, au siku atakapokuwa anatafuta sababu nzuri ya kufanya jambo baya. Raskolnikov sababu nzuri alikuwa nazo tele. Aliandika hadi makala.

Nimesikia pia hoja kwamba haya ni mambo tuliyoyaiga kutoka nje, kwamba fasihi ya Kiswahili asili yake ni maadili na mwanga. Mwenye kusema hivyo huwa anamtaja Shaaban Robert. Haya, tumsome. Katika Adili na Nduguze, Adili anawapiga mijeledi manyani wawili kila usiku kwa amri ya jini, na manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa kwa ubaya waliomtendea. Ni kweli majina yanawatangaza wahusika kabla hawajafungua mdomo. Lakini angalieni waovu wametoka wapi. Mwandishi hakuwaleta kutoka ng'ambo, hakuwafanya watoto wa kambo. Kawatoa kwa baba mmoja na Adili. Na mtu mwema ndiye anayeshika mjeledi usiku, mlango umefungwa. Kila mwaka nawauliza wanafunzi: mnadhani mkono wa Adili unajisikiaje? Swali hilo halimo kwenye mwongozo wowote, na majibu yake hunifanya nisahihishe hadi usiku.

Na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971? Ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda. Kelele zilikuwa juu ya binti, Rosa, na mwenendo wake. Lakini aliyekisoma kitabu hicho anamjua Zakaria, baba mlevi aliyedhani kipigo kinaweza kumlinda mwanawe. Giza la kitabu lilikuwa limeketi kwenye kiti cha baba, nasi tukamtafuta msichana. Nyani haoni kundule.

Kuhusu sharti la mwisho mwema, mna wenzenu wa zamani. Mwaka 1681 mshairi Nahum Tate aliiandika upya King Lear, tamthilia ya Shakespeare ambamo Mfalme Lear anafiwa na bintiye Cordelia: kwa Tate, Cordelia hafi, anaolewa na Edgar, mzee anarudishiwa ufalme. Toleo hilo lilitawala majukwaa ya Uingereza kwa takriban miaka 150. Hata Samuel Johnson, msomi mzito, alikiri kwamba kifo cha Cordelia kilimshtua kiasi kwamba hakuthubutu kurudia matukio ya mwisho hadi kazi ya kuhariri ilipomlazimisha. Namwelewa kabisa. Lakini ndani ya mwisho wa furaha wa Tate hakuna pa kuliweka lile swali la Lear akiwa amempakata bintiye: kwa nini mbwa, farasi na panya wapate uhai, na wewe usiwe na pumzi hata kidogo? Darasani mwangu wapo wanaolijua swali hilo tangu wakiwa na miaka saba. Waliliuliza msibani, wakaambiwa wanyamaze.

Basi ombi langu. Kwenye fomu ya uteuzi futeni kile kisanduku cha kiwango cha giza, mahali pake muandike swali hili: uovu uliomo kitabuni amebebeshwa nani, na je, msomaji anaruhusiwa kumsogelea? Mtashangaa vitabu vingapi visafi vitaanguka hapo, na vingapi mlivyovikataa vitapita.

Pili, tazameni miongozo ya kusahihisha. Mwanafunzi wangu mmoja aliulizwa katika mtihani aeleze tabia ya mke wa Macbeth. Aliandika kwamba ni mtu anayejiogopa, akataja mshumaa na ile amri ya taa kando ya kitanda. Hakupata alama hata moja kwa hoja hiyo, maana mwongozo ulitaka "katili, mwenye tamaa, mshawishi", basi. Nililalamika. Niliambiwa mwongozo ni mwongozo. Hapo ni nani aliyeisoma tamthilia?

La tatu ni muda, na hili nalitaja kwa kifupi kwa kuwa mmelisikia kwa wengi. Kitabu chenye giza kikisomwa mbiombio, kwa muhtasari wa kununua, ndipo kinapodhuru kweli. Tupeni vitabu vichache na vipindi vingi.

Nakala ile ya Makbeth niliirudisha rafuni. Kurasa zimeachana, zina madoa ya gundi na herufi chache zimeng'oka, lakini zinasomeka. Kadi yake ya kuazima ilikuwa na majina manne katika miaka tisa. Sasa imebidi maktaba wabandike kadi ya pili. Mkiniita kikaoni nitaiazima nije nayo, mradi nisiicheleweshe, kuna mtu anaingojea.

Wenu,
Mwalimu wa fasihi